Kumpima Diwani: Somo Kutoka Mtaa wa Kaloleni

Kila uchaguzi unapokaribia, swali moja hurudi kwenye vibanda vya chai na vibaraza vya nyumba za Kaloleni: kati ya wote waliowahi kukalia viti vya baraza la jiji, nani alifanya kazi na nani alikula tu? Wazee hutaja majina yao. Vijana nao hutaja ya kwao. Mjadala huwa mkali, kisha chai inaisha na kila mtu anaondoka na jibu lilelile alilokuja nalo.

Swali lenyewe ni zuri. Shida ni kwamba mara nyingi hujibiwa kwa kumbukumbu za juzi: nani alimlipia mtoto wa jirani karo, nani alichanga kwenye matanga, nani alikuwa na maneno matamu jukwaani. Historia ya jiji ina vipimo vingine, tena vigumu zaidi. Na Kaloleni ni mahali pazuri pa kuvisomea, kwa kuwa karibu kila sura ya historia ya madiwani wa Nairobi imeacha alama ndani ya mtaa huu au hatua chache kutoka hapa.

Diwani ni nani, na kazi yake ni ipi?

Kwa miaka mingi diwani alikuwa mjumbe wa wadi katika Baraza la Manispaa, na baadaye Baraza la Jiji. Baada ya uchaguzi wa Machi 4, 2013, mabaraza hayo yaliondoka na Bunge la Kaunti likachukua nafasi yake. Leo Nairobi ina wadi 85, na kila wadi huchagua mwakilishi mmoja. Wengine huingia bungeni kwa kuteuliwa na vyama, ili makundi kama wanawake, vijana na watu wenye ulemavu nayo yapate sauti.

Jina limebadilika lakini kazi za msingi ni tatu. Mwakilishi hutunga sheria za kaunti. Huikagua serikali ya kaunti, pamoja na bajeti yake na matumizi yake. Tena huyapeleka bungeni maoni ya wakazi wake, na kuwarudishia majibu. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inamtaka awe karibu na wapigakura na ashauriane nao. Sheria hiyohiyo inamkataza kuingilia kazi za utendaji. Kwa maneno mengine, si kazi yake kugawa zabuni, kushika pesa za mradi au kumwajiri mfanyakazi wa kaunti. Anayekagua hesabu hawezi pia kuwa mwenye kutumia.

Kutokana na kazi hizo, mkazi anaweza kumpima diwani yeyote, wa zamani au wa leo, kwa maswali matatu:

1. Anawajibika kwa nani?
2. Ameacha nini kinachodumu baada yake?
3. Amelinda nini kilicho mali ya wote?

Historia inayofuata inapimwa kwa maswali hayo.

Baraza lisilosikia: kabla ya miaka ya 1940

Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kambi ya reli, na mwaka 1919 ikapata Baraza la Manispaa. Viti vingi vilikuwa vya Wazungu. Wahindi walikuwa na viti vichache na waligombana na serikali kwa miaka mingi kuhusu uwakilishi huo. Waafrika, waliokuwa wengi kuliko wote na ambao jasho lao ndilo lililouendesha mji, hawakuwa na kiti hata kimoja.

Matokeo yalionekana mitaani. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Waafrika walitengewa Pumwani, wakaambiwa wajenge wenyewe. Kijiji cha zamani cha Pangani, ambako familia za Kiislamu na nyingine nyingi zilikuwa zimejenga nyumba zao kwa miaka mingi, kilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930. Watu wake wengi walihamishiwa Shauri Moyo, mtaa uliojengwa na manispaa kwa ajili hiyo. Waliokuwa wenye nyumba wakageuka wapangaji wa baraza.

Madiwani wa wakati huo hawakuwa wavivu wote. Barabara zilitengenezwa, miti ikapandwa, maji yakafika. Lakini yalifika kwanza kule walikokaa waliowapigia kura. Kwa swali la kwanza, baraza hilo linaanguka: liliwajibika kwa wachache na kuwatawala wengi. Somo lake ni jepesi kukumbuka. Huduma huelekea kule kura ilikotoka.

Mtaa wenye ukumbi katikati

Vita Kuu ya Pili ilileta wafanyakazi wengi Nairobi na nyumba zikawa chache mno. Katika miaka hiyo alikuwepo diwani aliyeuona ukweli huo mapema kuliko wenzake. Ernest Vasey, aliyekuwa meya kwa vipindi viwili katika miaka ya 1940, alishikilia kwamba mfanyakazi Mwafrika hawezi kuchukuliwa kama mgeni wa muda mjini. Alihitaji nyumba ya kuishi na mke na watoto, na mshahara wa kuilipia. Wazungu wengi wa wakati wake hawakutaka kusikia hayo. Baadaye Vasey alikuwa waziri wa fedha Kenya, kisha Tanganyika.

Kaloleni ilijengwa katika miaka hiyohiyo ya 1940, sehemu ya kazi ikifanywa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano. Nyumba zake zilikuwa za mawe na paa za vigae, zikiwa na nafasi wazi kati yake, na ukumbi wa kijamii katikati ya mtaa. Ulikuwa mtaa wa familia. Kwa mji uliozoea kuwarundika wanaume wapweke katika vyumba vya wafanyakazi, hilo lilikuwa jambo geni.

Kwa swali la pili, nyumba hizo zinajibu zenyewe: zimesimama kwa karibu miaka 80. Kwa swali la kwanza, jibu bado ni baya. Waliopanga mtaa hawakumuuliza aliyekuja kuishi humo. Ndiyo maana wakazi waliugeuza ukumbi kuwa bunge lao. Ni katika ukumbi huu wa Kaloleni, Aprili 23, 1950, ambapo Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alisimama katika mkutano wa pamoja wa chama cha KAU na Kongresi ya Wahindi wa Afrika Mashariki na kutaka uhuru kamili. Wiki chache baadaye yeye na mwenzake Fred Kubai walikamatwa. Watu wasio na kura katika baraza la jiji walikuwa wamepata mahali pa kusemea.

Walioteuliwa, walioshukiwa na waliouawa

Katikati ya miaka ya 1940 serikali ilianza kuwateua Waafrika wachache kuingia katika baraza. Miongoni mwa wa kwanza walikuwa Muchohi Gikonyo na Francis Khamisi, aliyejulikana pia kama mhariri wa gazeti la Baraza. Kiti chao kilikuwa kigumu. Walikuwa wachache mezani, hivyo kura yao haikuweza kupitisha wala kuzuia jambo. Nje ya ukumbi, watu waliwauliza: ninyi ni wajumbe wetu au wa aliyewateua?

Swali hilo liliwaka moto mwaka 1950. Mwishoni mwa Machi Nairobi ilipewa hati ya kuwa jiji, na sherehe kubwa zikaandaliwa. Vyama vya wafanyakazi vilitangaza kuzisusia. Hoja yao ilikuwa kwamba jiji linalosherehekewa ni la matajiri, huku maskini wakibaki na kodi na msongamano. Diwani Gikonyo aliunga mkono hati hiyo. Mwaka huo alinusurika jaribio la kuuawa. Kubai alishtakiwa kwa jaribio hilo, lakini mahakama ilimwachilia.

Miaka miwili baadaye hatari ilikuwa kubwa zaidi. Tom Mbotela, makamu wa rais wa zamani wa KAU na mtu aliyewahi kuwa msimamizi wa mtaa wa Kaloleni, alikuwa diwani wa kuteuliwa. Alipinga waziwazi njia ya Mau Mau. Novemba 1952, wiki chache baada ya hali ya hatari kutangazwa, aliuawa karibu na soko la Burma akielekea nyumbani. Mwaka 1953 diwani mwingine, Ambrose Ofafa, mweka hazina wa Luo Union, alipigwa risasi na kuuawa hapahapa Kaloleni.

Baraza la Jiji liliwakumbuka wote wawili kwa mitaa. Mbotela na Ofafa ni majina ambayo kila mkazi wa Eastlands huyataja akiwa kwenye matatu, wengi bila kujua kwamba yalikuwa majina ya madiwani. Kule Kisumu ukumbi wa kumbukumbu ya Ofafa unasimama hadi leo.

Je, walikuwa madiwani wema? Watu wa Eastlands hawajawahi kukubaliana. Kuna wanaowaona kama waliotumikia mtaa wao kwa njia pekee iliyokuwa wazi, wakalipa kwa damu. Wengine huona kwamba walikubali kiti ambacho hakikuwa na nguvu, na kwa kukikalia wakaupa utawala wa kikoloni sura ya haki. Mkazi wa leo anaweza kuheshimu maisha yao na bado akajifunza jambo moja. Mjumbe asiyechaguliwa na watu huishi kati ya mawe mawili ya kusagia, hata akiwa mwema kiasi gani. Kura humpa diwani mamlaka, na pia humpa ngao.

Meya wa kwanza Mwafrika na wenzake

Mwaka 1962 Charles Rubia alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Nairobi. Alikaa hadi 1967. Baraza aliloliongoza lilirithi jiji lililogawanywa kwa rangi, kuanzia mitaa hadi maktaba. Mfano mmoja unatosha. Maktaba ya McMillan katikati ya jiji ilifunguliwa mwaka 1931, na kwa karibu miongo mitatu ilikuwa ya Wazungu pekee. Mwaka 1962 ikawa mikononi mwa Baraza la Jiji, na baadaye Eastlands ikapata matawi mawili, moja Kaloleni na jingine Makadara. Mtoto wa Kaloleni anayesoma leo katika tawi hilo, lililokarabatiwa miaka ya karibuni, anakalia kiti kilichotokana na uamuzi wa baraza.

Rubia alikumbukwa pia kwa mambo ya baada ya umeya. Akiwa mbunge wa Starehe, alipinga upigaji kura wa mlolongo. Mwaka 1990 yeye na Kenneth Matiba walidai vyama vingi, wakatiwa kizuizini kabla ya mkutano waliouitisha Kamukunji, karibu kabisa na Kaloleni. Kizuizi kiliharibu afya yake. Alifariki Desemba 2019.

Aliyemfuata ni Isaac Lugonzo, kisha mwaka 1970 akaja Margaret Kenyatta, mwanamke Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Nairobi. Grace Onyango alikuwa amefungua njia hiyo Kisumu mwaka 1965. Mwishoni mwa kipindi cha Margaret Kenyatta, mwaka 1975, baraza lilianza mradi wa Dandora kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Badala ya kujenga nyumba kamili chache, baraza liligawa ploti 6,000 zenye maji, choo na bafu, ili kila familia ijenge vyumba kadiri ya uwezo wake. Mradi ulikuwa na kasoro. Baadhi ya waliopewa ploti waliziuza, na wapangaji wakawa wengi kuliko wenyewe. Hata hivyo maelfu ya watu walipata mahali pa kuanzia maisha. Kwa maswali ya kwanza na ya pili, madiwani wa miaka hiyo wanapata alama nzuri kuliko wengi waliowatangulia na wengi waliowafuata.

Miaka tisa bila diwani

Kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 mambo yalikuwa yameharibika. Baraza lilikuwa na madeni, takataka zilirundikana, na malalamiko kuhusu matumizi mabaya ya pesa yalizidi. Machi 1983 serikali kuu ililivunja Baraza la Jiji na kuikabidhi Nairobi kwa Tume ya Jiji. Ilisemwa kuwa ni hatua ya muda. Muda huo ulifika mwaka 1992.

Wakazi wengi walipokea habari hizo bila machozi. Madiwani walikuwa wamechosha watu. Lakini miaka iliyofuata iliwaonyesha gharama ya kukosa hata diwani mbaya. Tume ilijaa watu wa kuteuliwa, na mkazi hakuwa na mtu wa wadi yake wa kumuuliza swali. Mwaka 1989 ulitangazwa mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru Park. Aliyesimama kuupinga hadi ukaachwa hakuwa diwani, kwa sababu hakukuwa na madiwani. Alikuwa Profesa Wangari Maathai na wenzake wa Green Belt Movement. Mei 1990 vibanda vya Muoroto, karibu na kituo cha mabasi ya mashambani, si mbali na Kaloleni, vilibomolewa kwa nguvu na askari wa Tume. Waliobomolewa hawakuwa na mjumbe katika chumba ambamo uamuzi ulifanywa.

Kwa hiyo, nani mbaya zaidi: madiwani walioharibu baraza hadi likavunjwa, au utaratibu uliowanyima watu kura kwa miaka tisa? Historia inaonyesha kwamba la kwanza lilizaa la pili. Diwani mbaya hula pesa za leo, kisha hutoa kisingizio cha kumnyang'anya mkazi sauti ya kesho.

Ploti zilizopotea kimyakimya

Uchaguzi wa Desemba 1992 ulirudisha madiwani. Ulirudi pia ugonjwa uliokuwa umekua chini ya Tume: unyakuzi wa ardhi ya umma. Katika mitaa ya Nairobi viwanja vya michezo, nafasi za shule, maegesho na sehemu za barabara viligeuka kuwa ploti za watu binafsi.

Mwaka 2003 serikali iliunda Tume ya Ndung'u kuchunguza ugawaji haramu wa ardhi ya umma. Ripoti yake, iliyotolewa mwaka 2004, haikuwalaumu wakubwa wa serikali kuu pekee. Ilieleza kwamba ardhi iliyowekwa chini ya mabaraza kama amana ya wakazi iligawanywa na haohao waliopaswa kuilinda, madiwani wakiwa miongoni mwao. Hapa ndipo swali la tatu linapouma. Diwani anaweza kuwa mcheshi, mkarimu na mhudhuriaji wa kila matanga, huku uwanja wa watoto ukipata hati miliki ya mtu asiyejulikana.

Kaloleni inalijua jambo hili kwa sura yake yenyewe. Nafasi wazi zilizoachwa na wajenzi wa miaka ya 1940 zimejaa vyumba vya mabati kwa miaka mingi. Sehemu kubwa ya vyumba hivyo ni familia zilizopanuka na kipato kidogo, na hao hawawezi kulinganishwa na wanyakuzi. Lakini mtaa ambao mipaka ya ardhi yake ya wote haijulikani vizuri na wakazi wake ni mtaa rahisi kunyakuliwa. Na sasa, wakati kuna mipango ya kuzijenga upya estate kongwe za Eastlands, kujua ni kipi cha umma na ni nani ana haki ya kukipangia si jambo la historia tu.

Mfano mwingine ni wa makaburi. Makaburi ya Lang'ata yalipojaa, Baraza la Jiji lilitafuta ardhi mpya. Mwaka 2009 zililipwa shilingi milioni 283 kwa ekari 120 eneo la Mavoko, ardhi ambayo baadaye ilionekana haifai kuzikia. Mwaka 2018 mahakama iliwapata na hatia waliokuwa maafisa wakuu waliohusika na ununuzi huo. Waliofungwa walikuwa maafisa. Hata hivyo baraza zima lilikuwa na kazi ya kukagua, na mkazi ana haki ya kuuliza: hesabu hiyo ilipopita mezani, ni diwani gani aliinua mkono?

Walichofanya wakazi wa Chicago

Nairobi si jiji pekee lililopitia haya. Mwishoni mwa karne ya 19 jiji la Chicago, Marekani, lilikuwa na kundi la madiwani waliouza vibali vya reli za mjini na gesi kwa waliotoa hongo. Watu waliwaita mbwa mwitu wa kijivu. Baadhi yao walipendwa sana katika wadi zao kwa sababu walitoa kazi, makaa ya mawe wakati wa baridi na pesa za mazishi.

Mwaka 1896 wakazi waliunda jumuiya ya wapigakura. Silaha yao ilikuwa karatasi. Walifuatilia kila diwani: alihudhuria vikao vingapi, alipigia kura hoja gani, ana uhusiano gani na wanaopewa zabuni. Kabla ya uchaguzi walichapisha rekodi hizo, diwani mmoja mmoja. Wengi waliozoea kushinda walianza kushindwa. Jumuiya haikumaliza ufisadi wote, na wadi chache ziliendelea kuwachagua walewale. Lakini ilionyesha kwamba diwani anayejua kuwa anaandikwa hufanya kazi tofauti na anayejua kuwa watu watasahau.

Daftari la wadi

Mkazi wa Kaloleni hahitaji ofisi wala pesa nyingi kufanya jambo kama hilo. Katiba ya 2010 inampa zana. Ibara ya 35 inampa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Ibara ya 37 inampa haki ya kuwasilisha malalamiko rasmi. Ibara ya 62 inasema ardhi ya umma ya kaunti inashikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya wakazi. Ibara ya 196 inalitaka Bunge la Kaunti lifanye kazi zake hadharani na kuwashirikisha wananchi. Sheria ya Serikali za Kaunti inaongeza kwamba mtu yeyote anaweza kupeleka ombi rasmi mbele ya Bunge la Kaunti.

Kikundi cha akina mama, chama cha wakazi au vijana wa mpira wanaweza kuweka daftari moja la wadi na kuandika mambo haya:

- Tarehe za vikao vya maoni ya umma, mahali vilipofanyika, na watu wangapi walihudhuria.
- Miradi iliyoahidiwa katika bajeti, kiasi kilichotengwa, na hali yake leo.
- Hoja na maombi ambayo mwakilishi aliyapeleka bungeni kwa niaba ya wadi.
- Orodha ya mali ya umma katika mtaa: ukumbi, maktaba, zahanati, shule ya chekechea, uwanja, njia. Kila moja na mipaka yake, na mabadiliko yoyote yanayoonekana.

Kalenda ya bajeti husaidia kujua wakati wa kuwa macho. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa bungeni kufikia Septemba 1. Waraka wa mkakati wa fedha hufika kufikia Februari 28. Makadirio ya bajeti hufika kufikia Aprili 30, na mwaka mpya wa fedha huanza Julai 1. Mkazi anayekuja kulalamika Agosti kwamba mtaro wa majitaka haukutengewa pesa amechelewa. Anayekuja Septemba na Februari na orodha mkononi amefika wakati meza bado imeandaliwa.

Nani basi alikuwa bora, na nani mbaya?

Kwa vipimo vitatu vya somo hili, walio bora katika historia ya jiji ni wale walioacha kitu ambacho mtu asiyewajua bado anakitumia: ukumbi, nyumba za mawe, maktaba iliyofunguliwa kwa wote, ploti yenye maji. Mara nyingi walifanya hivyo pamoja, kama baraza, si kama mtu mmoja shujaa.

Walio wabaya ni wa aina mbili. Kuna waliotawala bila kuwajibika kwa watu, kama baraza la kikoloni la Pangani na Tume ya miaka ya 1980. Na kuna waliochaguliwa na watu, kisha wakaigeuza amana kuwa mali yao. Aina ya pili ni ya kuogopwa zaidi leo, kwa sababu huingia kwa kura, na mara nyingi hurudi kwa kura.

Maswali ya kujadili katika baraza la mtaa

1. Ni mali gani tano za umma katika mtaa wetu? Mipaka ya kila moja iko wapi, na nani ana ramani yake?
2. Taja jambo moja ambalo mwakilishi wa wadi alilifanya bungeni katika miezi 12 iliyopita. Habari hiyo ilipatikana wapi?
3. Msaada wa matanga au karo unatoka mfukoni mwa nani? Unapaswa kubadilisha kura ya mtu?
4. Kama mtaa utajengwa upya, ni maswali gani matatu ambayo wakazi wanapaswa kupata majibu yake kwa maandishi kabla ya kazi kuanza?
5. Nani katika kikundi hiki ataanza daftari la wadi, na litakaguliwa lini kwa mara ya kwanza?